Mjusi wa Tendaguru apite sokoni Lindi: je, humo mna kazi?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, naishi Lindi mjini. Nachora tangu shule ya msingi, na siku hizi nashuti harusi na mwenzangu mmoja mwenye kamera. Ndoto yangu ni filamu inayochanganya watu halisi na katuni. Hadithi ninayo: yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, aliyechimbwa Tendaguru mkoani kwetu anaamka huko Ujerumani, anarudi kwa miguu na kuingia Lindi siku ya soko. Nimeiandika ya dakika tisini. Mjomba, ambaye ndiye aliyenilea, amesema korosho zikiuzwa msimu huu atanisaidia kununua kompyuta kubwa, ila kwanza nimhakikishie kama hiyo ni kazi au mchezo wa kitoto. Wenzangu wengine wanasema bila kuhamia Dar au kusoma nje sitafika popote, wengine wanasema akili mnemba inafanya yote hayo, najichosha bure. Laptop yangu ina RAM ya GB 4. Nilijaribu kumweka mjusi kwenye video niliyoshuti barabarani, lakini anaonekana kama stika iliyobandikwa. Niendelee? Nianzie wapi? Na mjomba nimwambie nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo mengi kwa pumzi moja, nami sitayajibu kwa mpangilio ulioyaleta, kwa sababu lililo kubwa kuliko yote umelitaja kama lalamiko la kupita: mjusi anaonekana kama stika. Kazi yenyewe iko hapo. Lindi na Mtwara hazina uhaba wa watu wenye mkono wa kuchora, na wapiga video za harusi wamejaa. Anayejua kukutanisha mchoro na picha halisi mpaka mtazamaji asishtuke, huyo hapatikani kirahisi hata Dar es Salaam. Kwa hiyo mjomba ajue hivi: kazi ipo, lakini haianzi na filamu ya dakika tisini wala na kompyuta kubwa.

Tuanze na hiyo stika.

Wengi wakiona mchoro umekaa vibaya kwenye video hukimbilia kuupamba: magamba zaidi, rangi zaidi, misuli zaidi. Haisaidii. Mchoro wa mistari mitano unaweza kuaminika, na mchoro wa wiki mbili ukakataliwa, kwa sababu jicho halipimi uzuri. Linapima kama kile kitu kipo mahali pale. Linatafuta ushahidi, tena bila mwenye jicho kujua kwamba anautafuta.

Nadhani mjusi wako aliharibikia kwenye kimo. Shika kanuni hii: kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo wa macho hukata kila kilichosimama juu ya ardhi hiyo katika kimo cha kamera yenyewe. Ukiweka kamera mita moja na nusu kutoka chini, mstari utapita usawa wa macho ya watu wazima wote, wa karibu na wa mbali, na utamkata mjusi mguuni, mita moja na nusu juu ya unyayo, popote utakapomsimamisha. Nenda ufukweni, ambako upeo wa bahari hauna kizuizi, ujaribu na watu watatu waliosimama mbalimbali. Sasa, mifupa iliyosimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin ina kimo cha zaidi ya mita 13. Maana yake sehemu yake iliyo chini ya mstari ni kama moja ya tisa tu, na mwili wote uliobaki unakwenda juu ya vichwa vya watu. Anayeanza huchukua mnyama akamtanua tu, miguu ikaanguka chini sana ya mstari, na akili ya mtazamaji ikasoma mnyama mdogo aliyekaribia kamera. Hapo hata magamba elfu hayamwokoi.

Baada ya kimo, mwanga. Lindi iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katika nusu ya pili ya Oktoba, na tena katika nusu ya pili ya Februari, jua la saa sita mchana linakuwa karibu utosini na kivuli cha mtu kinajificha chini ya miguu yake. Ukishuti saa hiyo halafu ukamchorea mjusi kivuli kirefu cha alasiri, umejisaliti. Kabla ya kila shoti chomeka kijiti ardhini, piga picha kijiti na kivuli chake, kisha kiondoe. Mpe mtu ashike mpira uliopakwa rangi nyeupe, upige picha nao: upande unaong'aa, upande wenye giza, na rangi inayorudi kutoka kwenye udongo mwekundu vitakuambia namna ya kumtia mjusi mwanga tumboni. Kwa kuanzia chagua siku ya mawingu, na msimu wenu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, unazo nyingi. Siku hiyo vivuli vinakuwa laini, na utahitaji tu ule weusi mwembamba pale unyayo unapogusa ardhi. Weusi huo usiukose kamwe. Mnyama asiye nao anaelea.

Halafu rangi nyeusi. Wachoraji wa karatasi tunapenda mstari mweusi tii, lakini kwenye video ya mchana pwani hakuna kitu cheusi tii; hewa yenye unyevu na chumvi inapausha kila kilicho mbali. Chukua rangi iliyo nyeusi kuliko zote kwenye picha yako, pale mbali anaposimama mjusi, na mstari wako usiizidi. Na ukimshuti mwigizaji mbele ya kitambaa cha kijani ili umkate, asivae khanga yenye kijani, kwa sababu kompyuta itaifuta pamoja na kitambaa. Rangi halisi ya ngozi ya mjusi yule haijulikani, mifupa haisemi, basi una uhuru wako.

Siri iliyo kongwe kuliko zote ni kwamba kiumbe lazima awe na kitu nyuma yake na kitu mbele yake. Ray Harryhausen, Mmarekani aliyezaliwa 1920, aliyesogeza vikaragosi fremu kwa fremu, aliishi juu ya siri hiyo. Alirusha filamu ya waigizaji kwenye skrini ndogo, akaweka kikaragosi mbele ya skrini, akaziba kwa rangi nyeusi kwenye kioo sehemu ya chini ya picha, akapiga. Kisha akarudisha filamu mwanzo kwenye kamera, akaziba ile sehemu ya juu, akapiga ile ya chini. Matokeo: kikaragosi kinasimama nyuma ya jiwe na mbele ya mlima, yaani kimefungiwa ndani ya picha. Leo wewe unafanya hivyo kwa tabaka tatu kwenye kompyuta. Kata kibanda cha muuza nyanya kiwe tabaka la juu, mguu wa mjusi upite nyuma yake, barabara ibaki chini. Mguu mmoja ukifichwa na kibanda kimoja, nusu ya stika imebanduka.

Nusu iliyobaki haitokani na kuchora hata kidogo. Dunia halisi lazima imwitikie. Filamu ya 1988 ya sungura wa katuni na mpelelezi halisi, iliyoongozwa na Robert Zemeckis na katuni zake kusimamiwa na Richard Williams, ilikuwa na mitambo iliyoinua vitu halisi ili sungura achorwe baadaye akiwa amevishika. Wewe una mshipi wa kuvulia. Funga mshipi kwenye kuti, mtu alivute nje ya picha wakati bega la mjusi linapopita. Tikisa ndoo ya maji kabla mguu haujaonekana. Mtu apulize vumbi kwa kipande cha boksi pale unyayo utakapotua. Na macho ya watu: wachague kitu kimoja cha kutazama, kuti fulani la mnazi fulani, wote pamoja, na waligeukie kwa kupishana kidogo, kwa sababu watu sokoni hawastuki kwa mpigo mmoja kama gwaride. Hata akiwa amechorwa vibaya, mjusi anayetazamwa vizuri anaaminika.

Kamera isisogee. Simaanishi milele. Williams alijulikana kwa kukataa sheria ya zamani kwamba kamera itulie, lakini alikuwa na jeshi la wachoraji nyuma yake. Wewe tumia stendi, funga mwanga na rangi kwenye kamera ili zisijibadilishe zenyewe katikati ya shoti, na weka fremu 25 kwa sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za ndani hazitapepesa. Ukitumia simu, ujue simu nyingi hurekodi kwa kasi inayopanda na kushuka. Ibadilishe video iwe ya kasi moja kabla ya kuchora, la sivyo mjusi atateleza juu ya ardhi na utatafuta kosa mahali pasipo kosa. Na usipokee video kutoka kwa mwenzako kwa WhatsApp. Tumia flashi.

Hayo ndiyo ufundi. Sasa riziki.

Hadithi yako imenigusa kwa sababu wewe na waanzilishi wa sanaa hii mna mnyama mmoja. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, na mamia ya vibarua wa kwetu wakabeba mifupa kwa miguu hadi bandarini Lindi, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji. Mwezi Februari 1914, mchora katuni wa magazeti aitwaye Winsor McCay alipanda jukwaani Chicago, akasimama kando ya skrini akiwa na mjeledi, na kumwamuru mjusi mkubwa wa kuchorwa ainue mguu, ainame, ale. Mwishoni alipita nyuma ya skrini, na McCay wa kuchorwa akatokea na kupanda mgongoni mwa mjusi. Mtu halisi na katuni katika onyesho moja, zaidi ya miaka 110 iliyopita, bila kompyuta.

Lakini angalia McCay aliishi kwa nini: mshahara wa gazeti. Katuni zinazosogea alizifanya pembeni, na mwajiri wake hakufurahishwa na safari za jukwaani. Walt Disney naye, mwaka 1923, alitengeneza filamu fupi ya mtoto halisi anayeingia katika nchi ya katuni. Binti huyo alipigwa picha mbele ya kitambaa cheupe. Kampuni ya Disney ya Kansas City ilifilisika mwaka huohuo. Filamu ileile ndiyo iliyomshawishi msambazaji wa New York, Margaret Winkler, kumpa mkataba wa mfululizo mzima, na zikafuata zaidi ya 50 hadi 1927. Kumbuka alichouza: filamu moja fupi iliyoonyesha kwamba anaweza. Hakumpelekea yule mama hadithi iliyoandikwa.

Kuhusu kwamba lazima uhamie jiji kubwa, si kweli, ingawa sitakudanganya kwamba mji mdogo ni sawa na mkubwa. Karel Zeman wa Chekoslovakia, ambaye kwangu mimi ndiye bingwa wa kuchanganya watu na michoro kuliko Wamarekani wote, alifanyia kazi yake Zlín, mji wa kiwanda cha viatu, mbali na Prague. Alianzia kwenye kazi ya kutengeneza matangazo ya biashara. Mwaka 1955 alitoa filamu ya wavulana wanaosafiri kwa mtumbwi kurudi enzi za mijusi, na mwaka 1958 akatoa nyingine ambamo waigizaji wanatembea ndani ya michoro ya mistari kama ya vitabu vya kale. Hapa Afrika, Moustapha Alassane wa Niger, aliyefariki 2015, alikuwa anachora katuni na kupiga filamu za waigizaji tangu miaka ya 1960, bila soko la filamu la kumtegemeza nyumbani. Ila uwe mkweli ukisoma maisha yao: Zeman alikuwa na studio ya serikali nyuma yake, na Alassane alipata ushauri na mafunzo nje, Kanada ikiwemo. Wewe studio huna. Kwa hiyo lazima ujipe kazi ndogo zinazolipa huku ukijenga ile kubwa.

Na kubwa yenyewe tuipigie hesabu, maana mjomba ni mkulima, hesabu anaijua. Katuni ya kawaida hutumia michoro kama 12 kwa sekunde. Tuseme mchoro mmoja unakuchukua dakika kumi, ambayo ni kasi nzuri. Dakika moja ya mjusi ni michoro 720, yaani saa 120 za kukaa kitini. Dakika tisini ni michoro 64,800. Kwa saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki, ni zaidi ya miaka minne, mradi usiugue, usioe, na umeme usikatike. Harryhausen alitumia miezi minne na nusu kwa pambano moja la mifupa inayopigana na mashujaa kwa panga, pambano la dakika chache tu, kwenye filamu ya 1963. Hata hivyo, filamu ya dakika tisini ambayo mjusi anaonekana kwa dakika sita, na muda mwingine wote tunamsikia, tunaona kivuli chake, tunawaona watu wakitazama juu, hiyo inawezekana, na pengine itatisha zaidi. Kanuni yangu ya kupunguza ni hii: ambacho kamera inaweza kukipata, usikichore.

Weka hadithi ndefu kabatini kwanza. Tengeneza shoti moja ya sekunde ishirini au thelathini: mjusi anapita nyuma ya vibanda, muuza nyanya anageuka, kivuli kinapita juu ya meza. Hiyo ndiyo itakuwa barua yako ya kuomba kazi kwa miaka miwili ijayo. Kama bado unatafuta moyo wa hadithi, soma habari za Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji pale Tendaguru. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa mjusi mwingine wa eneo hilo jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mjusi anayerudi nyumbani na kumkuta mjukuu wa mtu aliyemfukua ananivutia kuliko mjusi anayevunja vibanda tu, ingawa mwenye hadithi ni wewe.

Nani atalipa? Tangazo la kazi lenye maneno "mtengenezaji wa filamu za katuni na watu halisi" hutaliona Lindi, na sidhani kama utaliona Dar. Fedha inakuja kwa majina mengine. Ya kwanza iko mkononi mwako tayari: mialiko ya harusi ya video inayotumwa kwa simu. Bwana harusi halisi anayepiga hatua Mikindani huku ngalawa ya kuchorwa ikimfuata, hiyo watu watailipia zaidi ya ua linalozunguka ambalo kila mtu analo. Pili ni video za elimu na afya. Ubongo ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa 2013, imekuwa ikitengeneza katuni za kufundishia watoto kwa Kiswahili, na mashirika yanayofanya kazi mikoa ya kusini huhitaji maelezo mafupi yenye sura za watu wa kusini. Video za muziki zipo, ila malipo yake huchelewa, na wasanii wachanga hupenda kulipa kwa kukutaja.

Ningekuwa wewe ningeelekeza macho Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na yako mkoani kwenu. Mgeni anasimama mbele ya kuta za Husuni Kubwa na haoni jumba. Wewe ukishuti kuta zilivyo leo, kamera imetulia, kisha ukachora paa likirudi, maji yakijaa kwenye birika, watu wakipita, umefanya jambo ambalo picha pekee haiwezi na katuni pekee haiaminiki. Waongoza watalii, wenye nyumba za wageni, shule na watengeneza filamu za historia wote wana sababu ya kuitaka. Ila waulize kwanza wataalamu wa mambo ya kale jumba lilikuwaje, usibuni paa.

Kuhamia Dar? Nenda, lakini usiende mikono mitupu. Kijana anayefika na wazo anapangiwa kubeba nyaya. Anayefika na sekunde thelathini safi anaulizwa alizifanyaje. Shule nayo ina faida: TaSUBa kule Bagamoyo na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vinafundisha sanaa za maonesho na filamu, na faida kubwa utakayoipata huko ni wenzako, waigizaji na watu wa sauti utakaofanya nao kazi maisha yako yote, pamoja na kuzoea kukosolewa uso kwa uso. Ufundi wa kuunganisha tabaka utajifunza zaidi kwa kurudia shoti ileile mpaka uichukie.

Kuhusu akili mnemba, wenzako hawajakosea kabisa. Mteja anayetaka chochote kinachosogea ameshaondoka na hatarudi. Lakini iombe mjusi yuleyule, mwenye kovu lilelile shavuni, akanyage kando ya meza ya dagaa iliyo kwenye video uliyoshuti wewe jana, halafu mteja aseme "arudi nyuma hatua moja, mkia usiguse bendera". Hapo inaanza kukupa mjusi mwingine kila mara. Itaimarika, bila shaka. Itumie kwa kazi za punda, kama kukata watu kutoka kwenye mandhari fremu kwa fremu, na uamuzi wa nini kinagusa nini ubaki kwako.

Kompyuta sasa. RAM ya GB 4 inatosha kuchora picha ndogo kwa Krita, programu ya kuchorea, haitoshi kuchora juu ya video. Unahitaji GB 8 kwa uchache, GB 16 ukae kwa amani, na mashine iliyotumika yenye diski ya SSD inafaa. Programu iitwayo Blender ni ya bure, na ndani yake una sehemu ya kuchora katuni, ya kufuatisha mwendo wa kamera na ya kuunganisha tabaka. Kwa kazi yako hiyo ni studio nzima. Mwaka 2025 filamu ndefu ya katuni kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa Blender ilishinda Oscar, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba programu za bure ni za kujifunzia tu. Kabla ya kompyuta kubwa nunua stendi nzito, ubao mdogo wa kuchorea wenye kalamu yake, diski mbili za kuhifadhia kazi ileile mara mbili, na UPS, kile kifaa kinachoipa kompyuta umeme kwa muda ukikatika.

Mjomba mwambie hivi. Asiuze gunia hata moja kwa ajili ya kompyuta kubwa msimu huu. Bei ya korosho inapanda na kushuka, na mashine iliyonunuliwa kabla ya kazi huishia kuchezewa gemu na wapwa wadogo. Mwombe sehemu ndogo, ya vifaa nilivyotaja na kuongeza RAM ikiwa laptop yako inakubali, na muda hadi msimu ujao. Mwahidi mwaliko wa harusi mmoja uliolipwa na ile shoti ya sokoni. Familia kusaidia si aibu katika kazi hii: baba yake Harryhausen alichonga viungo vya chuma vya vikaragosi vya mwanawe, mama yake akavishonea nguo. Na kama mjomba ana sura ya kutazama juu akashangaa, mweke kwenye shoti. Msimu ujao ukifika bila mteja hata mmoja aliyelipa, endelea na harusi, chora jioni, wala usiombe fedha nyingine kwanza.

Yako mambo ambayo mimi siwezi kukumalizia kwa maandishi. Filamu Tanzania inahitaji kibali kabla ya kupigwa na inapangiwa daraja kabla ya kuoneshwa hadharani, kwa sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya 1976. Nenda mwenyewe kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako na muswada mkononi, umuulize utaratibu wa Bodi ya Filamu na ada za sasa. Muulize pia kuhusu Mfuko wa Utamaduni na Sanaa na mikopo ya vijana ya halmashauri, ukijua kwamba mkopo unarudishwa hata kama filamu haikuuzwa. Umbo la mjusi wako na hadithi yake visajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujavisambaza. Vidole vikianza kufa ganzi usiku au kifundo cha mkono kikauma asubuhi, punguza kuchora na uende hospitali, usisubiri kazi iishe, kwa sababu mkono ndio mtaji.

Na siku kampuni itakapokupigia simu ikimtaka mjusi kwa tangazo, usikubali kwenye WhatsApp. Omba mkataba wa karatasi, na utafute hasa kipengele kinachosema nani atammiliki mjusi baada ya tangazo kuisha: kuwaruhusu wamtumie mwaka mmoja ni jambo moja, kuwauzia moja kwa moja ni jingine, na bei zake haziwezi kuwa sawa. Usianze kuchora kabla ya malipo ya awali kuingia. Mpelekee mwanasheria karatasi hizo azisome ukiwa umekaa mbele yake, hata kama ni za kurasa mbili na hata kama aliyekuletea ni rafiki wa mjomba.